Watakatifu wanatafuta nini kwenye jazi na roki?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanakwaya, naimba alto katika parokia moja ya Morogoro. Jumamosi moja nilikuwa naangalia mpira wa Uingereza na kaka yangu, Southampton wanacheza, mashabiki wao wakaanza kuimba "When the Saints Go Marching In". Kaka akasema huo ni wimbo wa jazi. Nikaanza kutafuta kwenye simu, nikakuta watakatifu wamejaa kila mahali: jazi, roki, nyimbo za Kuba, hata nyimbo za Waislamu wa Senegali. Je, ni watakatifu wale wale tunaowaimbia kanisani? Na mwanamuziki ambaye hata misa haendi anamwimba mtakatifu wa nini?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Uwanjani tutafika. Kwanza chukua nakala ya wimbo wowote mlioimba Jumapili iliyopita, ile iliyotolewa fotokopi juu ya fotokopi mpaka herufi zimeanza kufifia. Juu ya maneno zimejipanga d, r, m, f, s, l, t pamoja na nukta zake. Unaziimba kila wiki, na nadhani hujawahi kuambiwa kwamba herufi hizo ni wimbo wa mtakatifu uliokatwakatwa.

Katika karne ya 11, mtawa wa Italia aitwaye Guido wa Arezzo alikuwa na tatizo analolijua kila mwalimu wa kwaya: waimbaji hawashiki. Unawafundisha leo, kesho wamesahau. Akachukua utenzi wa Kilatini wa Yohane Mbatizaji, ambao kila mstari wake unaanzia sauti moja juu ya pale ulipoanzia mstari uliotangulia. Mistari yenyewe ni hii: Ut queant laxis, resonare fibris, mira gestorum, famuli tuorum, solve polluti, labii reatum. Okota silabi ya kwanza ya kila mstari: ut, re, mi, fa, sol, la. Baadaye ut ikageuka do, maana ut haivutiki mdomoni, na sauti ya saba ikapatikana kwenye maneno ya mwisho ya beti, Sancte Iohannes, kwa kuunga S na I. Ikawa si. Karne ya 19 mwalimu wa Kiingereza Sarah Glover aliona si na sol zote zinaanza na s na zitawachanganya watu, akaibadilisha si, ndiyo ti yetu ya leo, na Mwingereza mwenzake John Curwen akausambaza mfumo huo wa kuandika solfa kwa herufi. Mfumo huo ndio wamisionari waliokuja nao, na ndio huo uliomo kwenye fotokopi yako.

Utenzi wenyewe unamwomba Yohane asafishe midomo yenye hatia ili watumishi wake wapate kuimba kwa koo lililofunguka. Kwa nini Yohane? Fungua Luka sura ya kwanza. Zakaria baba yake alifungwa ulimi, akafunguliwa siku mtoto alipopewa jina. Mwimbaji aliyekaukiwa na sauti angemwita nani mwingine? Kwa hiyo hata prodyuza wa Bongo Fleva anayesema "hapo panda mpaka sol" anataja kipande cha sala ya mwanakwaya.

Nimeanzia huku kwa sababu swali lako linawaona watakatifu kama wageni waliotoka kanisani wakapotelea kwenye muziki wa mtaani. Mimi naona wamekuwa ndani ya muziki muda wote, ila kazi zao hubadilika. Ukitaka kujua mtakatifu amefuata nini kwenye wimbo, tumia sarufi uliyofundishwa shuleni: sikiliza nafsi. Kwenye Litania ya Watakatifu tunasema "utuombee", nafsi ya pili, tunazungumza naye. Wimbo mwingine unasimulia habari zake tu, nafsi ya tatu. Na kuna wimbo ambao mwimbaji anasema "mimi", na mtakatifu yupo kwa ajili ya huyo mimi.

Wimbo wa uwanjani uko kwenye kundi hili la mwisho. Hauna jina la mtakatifu hata mmoja. Hakuna Petro wala Paulo, na hakuna anayeombwa kitu. Ulitoka kwenye makanisa ya Wamarekani weusi, wengi wao Wabaptisti na ndugu zao, ambako neno "watakatifu" halina maana ya watu waliotangazwa na Papa. Lina maana ile ya Paulo anapowaandikia "watakatifu walioko Efeso": waumini wote, pamoja na yule jirani anayekukera. Beti zake za zamani zinatisha kidogo, jua linakataa kuwaka na mwezi unageuka damu, kama Ufunuo. Katikati ya hayo yote mwimbaji ana ombi moja, kwamba watakatifu watakapoingia kwa maandamano, naye awe katika hesabu ile.

Ndiyo maana uliwafaa watu wa New Orleans kwenye mazishi. Bendi ya matarumbeta inamsindikiza marehemu makaburini kwa mwendo wa pole, ngoma imefunikwa kitambaa ili isilie sana. Mwili ukishazikwa, mpiga ngoma anatoa kitambaa, na safari ya kurudi inakuwa ya kucheza, majirani wanafuata nyuma na leso na miavuli. Louis Armstrong, mtoto wa mji huo, aliurekodi mwaka 1938, akaanza kwa kujifanya mchungaji anayewasalimu ndugu na dada zake kanisani. Tangu hapo ukawa wa kila mtu. Southampton wanauimba kwa sababu timu yao ilianzishwa mwaka 1885 na vijana wa kanisa la St Mary's, na jina la utani la "Saints" likawaganda. Timu ya mpira wa Kimarekani ya New Orleans nayo inaitwa Saints, na kibali chake kilitangazwa tarehe 1 Novemba 1966, Sikukuu ya Watakatifu Wote. Mashabiki wanaoimba hivyo wanajiita wao wenyewe watakatifu, jambo ambalo Paulo asingeligombea sana.

Sasa tuje kwa somo wenu. Sijauliza jina la kwaya yenu, lakini nikibahatisha "Mtakatifu Sesilia" sitakosea sana, maana parokia isiyo na kwaya ya jina hilo ni ya kutafuta kwa tochi. Kila tarehe 22 Novemba mnavaa sare mpya, na mhubiri anasema Sesilia alipiga kinanda. Mimi niliyekaa kwenye kinanda miaka mingi hucheka kimoyomoyo, kwa sababu hadithi ya zamani ya maisha yake, ya karne ya 5 hivi, inasema kinyume. Sesilia alikuwa ameweka nadhiri ya ubikira, akaozwa kwa nguvu. Siku ya harusi vyombo vikipigwa, yeye alikuwa akimwimbia Bwana peke yake, moyoni mwake. Hakupiga chombo chochote, alikuwa akijitahidi asivisikie. Watu walipolifupisha simulizi hilo kuwa antifona, yaani wimbo mfupi wa ibada, ya sikukuu yake, maneno "moyoni mwake" yakaachwa. Kilichobaki ni kwamba vinanda vikilia, Sesilia alimwimbia Bwana. Asomaye anamwona binti amekaa kwenye kinanda, na wachoraji wakamchora hivyo. Maneno machache ya Kilatini yameruka, na wanamuziki wa dunia nzima wakapata msimamizi.

Raphael aliijua hadithi nzima, kwa maoni yangu. Katika picha yake iliyoko Bologna vyombo vimelala miguuni pa Sesilia, vingine vimevunjika, na kinanda alichoshika mkononi kimeelekea chini hata mabomba yake yanaanza kuchomoka. Yeye macho yako juu, anawasikiliza malaika.

Kisha angalia kilichompata kule Uingereza. Nchi ilikuwa ya Kiprotestanti, kumwomba mtakatifu kulikuwa marufuku kanisani, lakini kuanzia mwaka 1683 wanamuziki wa London wakawa wanafanya tamasha siku yake. Henry Purcell alitunga kazi ya mwaka huo wa kwanza, na mwaka 1692 akatunga nyingine kubwa zaidi, "Hail! Bright Cecilia". Handel naye alimtungia mwaka 1739, kwa shairi la Dryden. Ukizisikiliza utaona Sesilia anasifiwa kwelikweli, lakini wanaopata mistari mingi ni zeze, filimbi, tarumbeta na kinanda. Mfia dini wa Roma amekuwa jina la kuusifia muziki. Benjamin Britten, aliyezaliwa tarehe 22 Novemba 1913, ilibidi naye alipe deni: mwaka 1942 alimaliza utenzi wake kwa Sesilia, wa kwaya tupu, bila chombo hata kimoja. Huo mtafute. Alto mna kazi humo.

Si kila "St" ni mtakatifu, uwe macho. "St. Louis Blues" ya W. C. Handy ya mwaka 1914 inazungumzia mji. "St. Thomas" ya Sonny Rollins ya mwaka 1956 ni kisiwa. Hapo watakatifu wameacha majina kwenye ramani, basi.

Kwenye jazi, ninayependa kuwaambia watu habari zake ni Mary Lou Williams. Alikuwa mpiga piano na mtunzi aliyezitungia bendi kubwa za Marekani tangu miaka ya 1930. Mwaka 1954, akiwa Paris, aliacha kupiga, akarudi New York, na mwaka 1957 akabatizwa Mkatoliki. Mapadre wengine ndio waliomsukuma arudi kwenye piano. Tarehe 6 Mei 1962 Papa Yohane wa 23 alimtangaza mtakatifu Martin wa Porres wa Lima, Peru, mtoto wa bwana wa Kihispania na mama mweusi aliyetoka utumwani, bruda wa Kidominiko aliyefagia, aliyenyoa, aliyefunga vidonda vya wagonjwa. Huyu unamfahamu, ni yule wa picha yenye ufagio. Mwaka huo huo Mary Lou alimtungia utenzi, ukaimbwa New York mwezi Novemba, mwezi wa sikukuu yake. Sehemu kubwa ni kwaya peke yake. Lakini usitarajie mpangilio wa sauti wa kitabu cha nyimbo. Akodi zake ni za jazi, zimesongamana, sauti nne zinasuguana mpaka unahisi mtu amekosea, halafu unagundua hakuna aliyekosea. Piano inangoja, kisha inaingia na mdundo wa Amerika ya Kusini, nyumbani kwa Martin. Marekani ya 1962 watu weusi walikuwa bado wanapigania kukaa kwenye kiti cha basi wanachokitaka. Kumwimba mtakatifu mweusi wakati ule kulikuwa sala, na kulikuwa na jambo jingine pia, na hakuna aliyehitaji kufafanuliwa.

Na John Coltrane je? Hapa kanuni yangu ya nafsi inavunjika, kwa sababu chombo chake ni saksafoni. Mwaka 1957 aliachana na heroini na pombe, na baadaye aliandika kwamba ni neema ya Mungu. Shukrani yake ni "A Love Supreme", iliyorekodiwa Desemba 1964. Sehemu yake ya mwisho inaitwa "Psalm", na ukishika shairi alilolichapisha kwenye jalada la sahani hiyo ukalifuata kwa kidole, utasikia saksafoni inalisoma silabi kwa silabi. Mwaka 1966, akiwa Japani, waandishi walimuuliza angependa kuwa nani miaka ijayo. Akajibu kwamba angependa kuwa mtakatifu. Mwaka uliofuata akafariki, akiwa na miaka 40.

Kule San Francisco, mume na mke waliowahi kumsikia akipiga mwaka 1965 walianzisha kundi la ibada kwa jina lake. Mwanzoni walimpa cheo kikubwa zaidi ya utakatifu, walimwona kama Mungu mwenyewe. Mwaka 1982 wakajiunga na African Orthodox Church, na ili wapokelewe ilibidi wamshushe cheo. Akawa Mtakatifu Yohane Coltrane, mwenye ikoni yake, ndimi za moto zikitoka kwenye mdomo wa saksafoni. Ibada ya Jumapili ni liturujia ikiimbwa juu ya muziki wake. Mtu anaweza kuona ni vituko vya Wamarekani, lakini kanisa hilo la African Orthodox ni ndugu wa damu wa watu wa huku kwetu. Lilianzishwa mwaka 1921 na George Alexander McGuire, mtu wa Antigua aliyekuwa kasisi wa harakati za Marcus Garvey, mtetezi wa watu weusi. Askofu wao wa Afrika Kusini, Daniel William Alexander, alifika Uganda miaka ya mwanzo ya 1930 akampa daraja Reuben Spartas, na mwaka 1935 akafika Kenya kuwafundisha Wakikuyu waliokuwa wamejitenga na misheni. Waorthodoksi wengi wa Kenya na Uganda, ambao leo wako chini ya Patriaki wa Aleksandria, mizizi yao inapita hapo. Basi mjukuu wa mmoja wao akiingia kanisa la Coltrane, ameingia kwa binamu.

Roki sitaizungumzia sana, nikiri si nyumbani kwangu, ila wimbo mmoja wa Bob Dylan wa mwaka 1967 unajibu swali lako la pili. Anaota amemwona Mtakatifu Augustino, yule askofu Mwafrika wa Hippo, Algeria ya leo. Katika ndoto hiyo Augustino ameuawa, na mwimbaji ni mmoja wa waliomwua. Wewe mkatekista wako atakuambia Augustino alikufa mwaka 430 kwa ugonjwa, kitandani, mji ukiwa umezingirwa na Wavandali. Dylan hakuwa anafundisha historia. Alihitaji mtu mwema ambaye kila msikilizaji anakubali kwamba ni mwema, ili dhambi ya kumwua iwe nzito. Mwanamuziki asiyekwenda misa bado anahitaji jina la namna hiyo, na watakatifu ndio wenye majina ambayo watu wamekwisha kuyapima.

Kuba ni habari nyingine. Waafrika waliopelekwa utumwani, wengi wao Wayoruba, walikatazwa miungu yao, wakaitunza nyuma ya sanamu za watakatifu wa Wahispania. Mtakatifu Barbara, ambaye babake alimkata kichwa kisha baba huyo akapigwa na radi, akawa Changó, mungu wa Wayoruba mwenye radi na mwenye ngoma. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Celina González na mumewe Reutilio walitoa wimbo wa kumsifu Mtakatifu Barbara, na kiitikio chake kinapaza jina la Changó waziwazi, redioni. Ajabu ni kwamba mwaka 1969 Roma ilimwondoa Barbara kwenye kalenda yake ya jumla kwa kuwa historia yake haina ushahidi wa kutosha. Havana hakuna aliyeacha kuimba.

Kwa Waislamu neno lenyewe "mtakatifu" halikai vizuri. Walii hatangazwi na baraza lolote, watu humjua kwa elimu, uchamungu na karama zake. Youssou N'Dour wa Senegali mwaka 2004 alitoa albamu iitwayo "Egypt", akiwaimba masheikh wa tarika za kwao, akiwemo Amadou Bamba wa Touba, ambaye Wafaransa walimhamishia Gabon mwaka 1895. Nyumbani wengi walikasirika: mwimbaji wa madisko atajaje majina hayo? Albamu ikapata tuzo ya Grammy mwaka 2005, na hasira zikapoa. Ugomvi huo Lamu waliujua zamani. Habib Swaleh, sharifu aliyetoka Ngazija, alipoanza kusomesha maulidi kwa matari, wapo waliouliza kama ngoma ina nafasi katika ibada. Leo maulidi ya Riyadha huvuta watu kutoka pwani nzima, na huishia kwa ziara kwenye kaburi lake. Anayesomewa ni Mtume, lakini aliyewakusanya ni Habib.

Hukuniuliza kuhusu watakatifu wa kwetu, lakini mtu wa kwaya asiishie Havana na San Francisco. Tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo wa 6 alipowatangaza watakatifu wafiadini 22 wa Uganda, akina Karoli Lwanga na Kizito, kulikuwa na kazi kubwa iliyotungwa na Mganda, Joseph Kyagambiddwa: oratorio ya Kiganda, kwa sauti na ngoma za Kiganda, ikaimbwa Roma. Oratorio, simulizi takatifu refu la kuimbwa na kwaya na waimbaji, ni umbo la Handel. Kyagambiddwa alilijaza muziki wa kwao mpaka Handel asingeutambua mlango.

Lakini kuna wimbo wa kabla ya huo. Tarehe 31 Januari 1885, pale Busega nje kidogo ya Mengo, vijana watatu Waanglikana, Makko Kakumba, Yusufu Lugalama na Nuwa Serwanga, walikatwa mikono na kuchomwa moto kwa amri ya Kabaka Mwanga. Masimulizi ya wamisionari wa wakati ule yanasema walikuwa wakiimba, na yanautaja wimbo: "Killa siku tunsifu". Tazama maneno hayo, killa yenye l mbili kama ilivyoandikwa wakati huo. Ni Kiswahili. Ulikuwa wimbo wa Kiingereza uliotafsiriwa, maana kabla ya vitabu vya Kiganda kuenea, wasomaji wa Buganda walisoma vya Kiswahili.

Nota za wimbo huo katika maneno yale ya Kiswahili cha 1885 nimezitafuta muda mrefu. Waulize wazee wa kwaya za Kianglikana hapo Morogoro, wengine wana makabrasha ya tangu enzi za baba zao. Ukiupata nitumie picha kwa simu, hata kama fotokopi imefifia.